Sura ya Sita: Kiasi cha Bunduki

Katika kamusi za Kiswahili zilizotungwa karne ya 19, pale ambapo sisi leo tungeandika risasi, tukikusudia kile kitu kizima chenye ganda la shaba, baruti tumboni na kichwa cha madini mbele, hukutwa maneno matatu ambayo ulimi wa siku hizi umeyaacha: kiasi cha bunduki. Risasi, kwa watu wa zama zile, ilikuwa kwanza jina la madini yenyewe, yale mazito na laini yenye rangi ya kijivu, ambayo Waarabu huyaita rasasi. Nacho kile kilichofungwa tayari kwa mlio mmoja kilipewa jina la kipimo chake, kwa kuwa kilichokifanya kiwe cha amani mikononi mwa mwenyewe na cha mauti kwa mnyama aliyekusudiwa hakikuwa moto wala chuma, bali ni kadiri iliyopimwa, isiyozidi wala kupungua. Sura hii yote ni sherehe ya neno hilo moja.

Wako watu katika Marekani, Uingereza, Afrika ya Kusini na nchi nyinginezo ambao jioni, shughuli za riziki zikiisha, huketi mezani na maganda ya shaba waliyoyafyatua uwanjani, wakayasafisha, wakayarudishia umbo lake la asili, wakayatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, ili yapate kutumika tena mara nyingi. Baadhi yao hufanya hivyo kwa ajili ya kuokoa fedha, maadamu ganda ndilo aghalabu lenye gharama kubwa kuliko viungo vingine vyote. Na wengine, ambao ndio wenye mapenzi hasa na sanaa hii, hutafuta risasi iliyolingana na mtutu wa bunduki yao jinsi joho linavyolingana na bega la mwenyewe. Katika nchi ya Meru na Embu, nchini Kenya, burudani hii haipo, na sheria, kama tutakavyoona, imeufunga mlango wake. Lakini elimu yake imepita chini ya Mlima Kenya mara tatu, katika mikono ya watu wa namna tatu, na kila mara imeacha funzo ambalo mwanafunzi wa leo, popote alipo, hulazimika kujifunza kabla hajaruhusiwa kuigusa baruti.

Mara ya kwanza ilikuja mabegani mwa watu wa misafara. Waswahili, Waarabu na Wakamba waliozunguka mlima na kuikaribia milima ya Nyambene wakitafuta pembe za ndovu walichukua magobori, zile bunduki za kujazwa kwa mdomo, na kila mwenye gobori alikuwa fundi wa kujaza, apende asipende, kwa sababu bunduki yake haikuwa na kiwanda kingine ila mikono yake. Alimimina baruti kutoka katika pembe, akaisindikiza na tambara au makumbi, akashindilia kwa mdeki, akadondosha kipande cha risasi au gao la marisau, akashindilia tena, kisha akaweka fataki chini ya nyundo. Na mwenye gumegume, badala ya fataki, alitegemea cheche ya jiwe. Kazi hiyo yote ilikuwa nyepesi siku ya utulivu. Siku ya hofu mkono ulisahau kama umekwisha kujaza, ukajaza tena juu ya kiasi cha kwanza, na mtutu uliopigwa kwa viasi viwili ulipasuka mbele ya uso wa mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo ni la wapagazi wasiofundishwa. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, Julai 1863, ziliokotwa uwanjani bunduki zaidi ya 27,000. Nyingi mno kati yake zilikuwa zingali na baruti ndani, na takribani 12,000 zilikutwa na viasi viwili, kimoja juu ya kingine, ilhali nyingine zilikuwa na vitatu mpaka kumi. Hao walikuwa askari waliozoezwa kujaza kwa amri na hesabu, lakini fikira zao zilikuwa mahali pengine. Basi hilo ndilo funzo la kwanza: hatari ya kujaza haianzi katika baruti, huanza katika fikira iliyoondoka mezani na kuuacha mkono ukiendelea na kazi peke yake.

Mara ya pili ilikuja pamoja na wawindaji wa Kizungu. Mwingereza Arthur Neumann, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyama Yangu, aliwinda ndovu pande za Nyambene na kaskazini yake kati ya mwaka 1893 na 1896, akakaa kwa urafiki na watu wa huko, na mwaka 1898 akachapisha kitabu juu ya safari zake. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Lee-Metford, bunduki ya jeshi yenye kutiwa risasi za kiwandani, zenye kulingana moja na nyingine. Huko karibu na Ziwa Turkana, ndovu jike alipomkabili, alivuta mtambo akasikia mlio mdogo wa chuma juu ya chuma, wala risasi haikutoka. Yule ndovu akamfikia, akamjeruhi vibaya, naye akauguza majeraha yake muda mrefu mbali na tabibu yeyote. Mlio huo mdogo ni wa kukumbukwa na kila ajazaye, kwa kuwa risasi isiyotoka ina hatari zake sawa na ile itokayo kwa nguvu kupita kadiri.

Tena zama hizo ndizo zilizoleta mabadiliko makubwa katika baruti yenyewe. Baruti nyeusi ya tangu kale, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, ilianza kuondolewa na baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na baada yake kodaiti ya Waingereza, iliyotokea mwaka 1889 katika umbo la nyuzi. Watawala wa Ulaya walifahamu vema tofauti ya hizo mbili, hata Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa pamoja na risasi zake zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mwanya kwa magumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Mwanafunzi naye lazima aifahamu tofauti hiyo, kwa kuwa kipimo cha ile ya kale kikijazwa kwa hii ya kisasa hakizai mlio mkubwa zaidi tu, bali huipasua bunduki vipande vipande.

Na kodaiti ilikuwa na tabia nyingine iliyodhihirika vizuri katika nchi kama hii yetu. Ilikuwa nyepesi kuathirika na hari: risasi iliyofanya kazi bila kasoro katika ubaridi wa Uingereza, ikichomwa na jua la tropiki, ilizaa kani kubwa zaidi, ganda likavimba na kung'ang'ania ndani ya chumba cha bunduki, na mwindaji aliyehitaji risasi ya pili asiweze kulitoa la kwanza. Kwa sababu hiyo viwanda vya Uingereza vilitengeneza risasi maalumu za nchi za joto, zenye kodaiti iliyopunguzwa. Atokaye Timau, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 na baridi ya asubuhi ambayo huwalazimisha watu kuvaa makoti, akateremka siku ile ile mpaka nyanda za Tharaka au Ishiara, ambako adhuhuri mawe huwa hayakanyagiki, amepita katika hali mbili za hewa ambazo kwa baruti ni kama nchi mbili. Funzo la pili, basi, ni kwamba kiasi si tarakimu iliyoandikwa mara moja kwa ajili ya watu wote na mahali pote. Ni mapatano kati ya baruti hii, ganda hili, bunduki hii na hari hii, na kiungo kimoja kikibadilika mapatano yote huanza upya.

Mara ya tatu elimu hii ilipita msituni, nayo ilipita kwa njia ya kukosekana. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walioingia katika msitu wa Mlima Kenya walikuwa na watu wenye maarifa ya vita, kama Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, aliyekuwa amepigana Burma katika jeshi la KAR (King's African Rifles). Na upande wa Meru wakatokea Musa Mwariama na Baimungi, na upande wa Embu Kubukubu, ambaye jina lake lingali likitajwa mjini Embu hata leo. Walichokosa ni silaha, na mafundi wao wakazibuni: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa mtambo, mpira wa gurudumu ukawa kamani ya kuirushia sindano, na mbao za msituni zikawa kitako. Ni ustadi ambao hata maadui zao waliukiri.

Lakini tazama mahali ustadi huo ulipokomea. Bunduki iliweza kubuniwa, risasi haikuweza. Ilibidi iibwe, inunuliwe kwa siri au iokotwe kwa aliyeshindwa, kwa sababu fataki na baruti na ganda lenye kipimo sawasawa si vitu vya kuchongwa kwa tupa chini ya mti. Na hapo ndipo msiba ulipojificha, maana risasi ya kiwandani, iliyopimwa kwa mtutu wa chuma cha pua, ilitiwa katika bomba lililotengenezwa kwa maji; moto ukapenya kandokando, na mara nyingine bomba likapasuka na kumwumiza aliyelishika kuliko aliyelengwa. Hilo ndilo funzo la tatu: lau kungekuwa na haja ya ushahidi kwamba kiasi na bunduki ni mke na mume waliooana kwa kipimo, ushahidi huo ungechimbwa katika msitu wa Mlima Kenya.

Serikali ya kikoloni kwa upande wake iliihesabu risasi kwa hesabu nyingine. Kwa kanuni za mwaka 1953 kupatikana na silaha au risasi bila idhini kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi, na katika miaka ile ya vita zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa makosa mbalimbali yaliyohusishwa na Mau Mau. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, aliyekamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, alishtakiwa kwa kuwa na bastola moja na risasi sita, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Risasi sita hujaza kiganja kimoja tu. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliokuwa hai wakati ule walijifunza kwamba kitu kidogo kama kidole cha mtoto kinaweza kuwa na uzito ambao hakuna mizani iwezayo kuuonyesha, na ndiyo sababu mpaka leo mzee wa Kibirichia au Runyenjes akiokota ganda shambani hulitupa mbali kabla hajaulizwa amelitoa wapi.

Baada ya mafunzo hayo matatu, na tuketi sasa mezani pamoja na yule mwanafunzi wa ng'ambo, tumtazame anavyofanya.

Meza yake ni safi, na juu yake kuna kopo moja la baruti, wala hakuna la pili. Kanuni hii huonekana ndogo mpaka mtu afahamu kwamba baruti za kisasa zipo za aina nyingi zifananazo kwa sura, moja ya kuungua upesi kwa bastola, nyingine ya kuungua polepole kwa bunduki ndefu, na kwamba aliyezichanganya hawezi tena kuzitenganisha kwa macho. Baruti iliyobaki hurudishwa katika kopo lake la asili lenye jina lake, na ile iliyopotelewa na jina humwagwa, hata ingekuwa ya thamani gani. Kopo hilo huhifadhiwa penye ubaridi na ukavu, katika kabati la mbao jepesi, si katika sanduku la chuma lililofungwa kwa nguvu. Kwa maana baruti ikishika moto mahali penye upenyo huungua tu, bali ikibanwa na chuma huligeuza sanduku lenyewe kuwa bomu. Sigara, taa ya utambi na mtoto mtundu havina ruhusa ya kukivuka kizingiti cha chumba hicho. Miwani ya kukinga macho huvaliwa tangu mwanzo mpaka mwisho, hasa kwa ajili ya fataki, ambazo ndizo zenye hasira kuliko viungo vyote, na ambazo hazimiminwi ndani ya chupa wala kutikiswa, bali hukaa katika viota vyake vya kiwandani mpaka dakika ya kutumiwa.

Kwanza huyakagua maganda. Hulishika kila moja mbele ya taa, akatafuta ufa mdomoni na ule mstari mng'avu unaolizunguka karibu na kitako, ambao ni dalili kwamba shaba imenyooka mpaka kukonda na kwamba safari ijayo ganda litakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Lenye dalili hiyo hupondwa kwa koleo kabla ya kutupwa, mtu mwingine asije akaliokota kwa kulionea huruma. Yaliyosalia husafishwa, hupakwa mafuta kidogo, kisha hutiwa katika kalibu na kubanwa kwa shinikizo la mkono ili yarudi katika umbo lake, na fataki iliyotumika itoke. Na kwa kuwa shaba ikibanwa huongezeka urefu, hupimwa kwa bikari, na lililozidi hukatwa. Ndipo fataki mpya huingizwa, moja moja, kwa utaratibu na subira.

Kisha huja kipimo chenyewe. Wajazaji wa ng'ambo huipima baruti kwa punje, kizio cha kale ambacho 7,000 yake hufanya ratili moja, na punje 15 na kitu hufanya gramu moja. Na katika baadhi ya risasi za bastola tofauti ya punje moja tu ndiyo tofauti ya mlio wa salama na mlio wa hospitali. Kani itokeayo ndani ya chumba cha bunduki ya jeshi ya zamani hupita mara 3,000 ya uzito wa hewa ituzungukayo, na kati ya kani hiyo na shavu la mpigaji hamna kitu isipokuwa chuma cha unene wa kidole. Kwa hiyo mwanafunzi hafuati masimulizi ya rafiki wala kumbukumbu ya jana. Hukifungua kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji waliokwisha kujaribu kwa vyombo, akaanza na kipimo cha chini kilichoandikwa humo, akapanda kwa hatua ndogo, huku akisoma dalili katika kila ganda lililofyatuliwa. Fataki iliyolala na kupoteza mviringo wa ukingo wake, ganda linalokataa kutoka, alama ya chuma iliyochapwa kitakoni: hizo ni barua kutoka ndani ya chumba, na mwenye kuzipuuza asimlaumu mwandishi wake. Mwenye pupa, wasema wazee, hadiriki kula tamu.

Yapo makosa mawili ambayo kila fundi huyaogopa kuliko mengine. La kwanza ni lile la Gettysburg, viasi viwili katika ganda moja. Na dawa yake ni kuyapanga maganda yote hamsini wima katika ubao wenye matundu, kisha, kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, kumulika kwa tochi ndani ya kila moja na kulinganisha kina cha baruti. La pili ni kinyume chake, ganda lisilo na baruti kabisa: fataki peke yake huwa na nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu na kukiacha hapo, na mpigaji aliyesikia mlio hafifu, akadhani ni kasoro ndogo, akapiga tena, huirusha risasi ya pili ikagonga ya kwanza na kuupasua mtutu. Ndiyo maana mlio wa ajabu huwa ni amri ya kusimama; na bunduki isipolia kabisa, kama ilivyomtokea Nyama Yangu, mtu aliye uwanjani, asiye na ndovu mbele yake, huuelekeza mtutu mahali salama akahesabu walau nusu dakika kabla ya kuifungua, kwani baruti yaweza kuchelewa na kulipuka baadaye. Na kazi ikiisha hunawa mikono vizuri kabla ya kushika chakula, maana madini ya risasi ni sumu hata yasipopigwa.

Sasa msomaji wa Meru au Embu atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama anaweza kuyafanya haya nyumbani kwake. Jibu ni hapana. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yenye asili yake katika miaka ile ile ya Hali ya Hatari, haimruhusu mtu kutengeneza risasi isipokuwa mwenye idhini iliyosajiliwa, na mwenye leseni ya bunduki ana kiwango cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mapenzi ya mtu kwa shabaha yana mahali pamoja tu pa halali, napo ni uwanja wa vyama vya walenga shabaha, mbele ya msimamizi. Na yule asiye na leseni wala uwanja, ila ana udadisi na macho, apewe wasia mmoja ulio mkubwa kuliko yote: asiokote. Misitu ya Mlima Kenya ilidondoshewa mabomu kutoka angani katika miaka ya 1950, na kaskazini na kaskazini-magharibi ya Meru, pande za Archer's Post na Dol Dol, yalisalia mabomu ya mazoezi ya jeshi la Uingereza yaliyoua na kulemaza wachungaji, hata mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Shaba ya kuokotwa haina kitabu cha vipimo.

Na tumrudie yule mtu wa ng'ambo, tumwache akimalizia kazi. Alianza na maganda hamsini, fataki hamsini na vichwa hamsini, naye alipovipanga vyote vilitosheana. Lakini anapolifunika kopo la baruti hukumbuka kwamba simu ililia alipokuwa katikati ya ubao, akainuka, akarudi, na kwamba tochi hakuiwasha kabla ya kuvikalisha vichwa. Kuzipima risasi hizo mizanini hakutamponya, kwa kuwa katika risasi ndogo za bastola maganda huweza kutofautiana uzito hata kupita uzito wa baruti yenyewe. Maganda yalihesabika, fataki zilihesabika, vichwa vilihesabika. Kiasi, ambacho wazee wa pwani walikitaja mbele ya bunduki, ndicho peke yake kilichotaka kuonwa kwa macho. Basi huliegemeza kopo pembeni, akachukua nyundo ya kung'olea vichwa, akaanza na risasi ya kwanza, na hatalala mpaka ameifungua ya hamsini.